Kiwanda Kikifa, Jengo ni la Nani?

Hotuba ya Katibu wa Vijana mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, kama ilivyotolewa Jumamosi jioni katika uwanja wa tawi.



Halmashauri ya tawi imeniomba niseme juu ya jengo lile la kiwanda cha pamba lililo karibu na reli. Mashine zake zilikwisha kung'olewa zikauzwa kama vyuma chakavu, na sasa jengo linatakiwa na watu wa aina tatu. Kuna mtu anayetaka kulibomoa apate kukata viwanja. Kuna mwingine anayetaka kulifanya ukumbi wa arusi, wa kukodisha kwa wenye fedha. Na kuna vijana wa mji huu, ambao kila jioni hucheza mpira uani pake na kufanya mazoezi ya ngoma na maigizo chini ya paa lake, bila ruhusa ya mtu na bila kumdhuru mtu. Majina ya wale wawili wa kwanza siyataji. Sikuja hapa kumsema mtu. Nimekuja kueleza ni jambo gani laweza kufanywa na jengo la namna hii, na wenzetu wa nchi nyingine wamelifanyaje, kusudi siku tutakapokwenda mbele ya Halmashauri ya Mji tusiende na kelele tupu.

Najua wako wanaonong'ona ya kwamba habari za ukumbi na ngoma ni mchezo wa watoto, na kwamba chama chapaswa kusema bei ya pamba na shida ya maji. Ni kweli bei na maji ni mambo makubwa. Lakini mtu aniambie mambo makubwa husemewa wapi. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 ndani ya nyumba ya Chama cha Waafrika, katika mtaa ulioitwa New Street huko Dar es Salaam, ambao leo waitwa Lumumba. Nairobi nako, wazalendo wa Kenya walikutana katika ukumbi wa Kaloleni kabla hawajapata bunge. Watu wasio na pa kukutania hukutana wawili wawili, pembeni, kwa minong'ono. Mkoloni alilijua sana hilo, na ndiyo maana mkutano ulitakiwa uwe na kibali, na ngoma nayo ikatakiwa kibali. Basi anayedharau ukumbi na afikiri mara ya pili.

Sasa naomba mnifuate mpaka Brazili, kwa sababu huko ndiko lilikofanywa jambo ambalo mimi, kwa kadiri nilivyosoma, naliona kuwa mfano mwema kuliko yote.

Katika mji wa São Paulo, upande uitwao Pompéia, kulijengwa mwaka 1938 kiwanda cha kutengeneza mapipa ya chuma. Mwenyewe alikuwa kampuni ya Kijerumani ya Mauser. Baadaye kikaingia katika mikono ya kampuni ya Kibrazili, iliyotengeneza humo hata majokofu ya kuwashwa kwa mafuta ya taa, namna ile ambayo wazee waliofanya kazi misheni na katika mashamba makubwa wanaikumbuka. Halafu kiwanda kikafa, kama viwanda vifavyo, na mwaka 1971 majengo yakanunuliwa na shirika liitwalo SESC.

Lazima niwaeleze SESC ni kitu gani, maana bila hilo habari yote haina maana. Ni shirika la huduma kwa wafanya kazi wa biashara: wauza maduka, makarani, watumishi wa hoteli, pamoja na jamaa zao. Lilianzishwa mwaka 1946. Fedha zake si sadaka ya tajiri mmoja mwenye moyo mzuri, ambaye kesho akikasirika hufunga mkono. Sheria yawataka waajiri wa biashara watoe asilimia 1.5 ya fedha wanazolipa za mishahara, mwezi baada ya mwezi, wapende wasipende. Shikeni neno hilo. Nitalirudia.

Nia ya kwanza ya shirika ilikuwa ni kubomoa na kujenga jumba jipya. Kisha mwaka 1976 akaitwa msanifu wa majengo, mama aitwaye Lina Bo Bardi. Alizaliwa Roma mwaka 1914, akahamia Brazili mwaka 1946 baada ya vita, akachukua uraia wa huko mwaka 1951. Mama huyu alikwenda kulitazama jengo. Safari ya kwanza alilikuta tupu, akaona kwa macho ya fundi: mabanda yaliyopangwa kwa mstari, kuta za matofali, na nguzo nyembamba za zege zilizojengwa kwa ufundi wa Mfaransa François Hennebique, mmoja wa watu wa mwanzo kutia nondo ndani ya zege. Akasema moyoni kitu hiki si cha kubomolewa.

Lakini safari ya pili ndiyo inayonihusu mimi. Alirudi siku ya Jumamosi. Safari hii hakukuta jengo tupu. Alikuta watoto wanakimbia kutoka banda hadi banda. Vijana wanapiga mpira chini ya paa linalovuja na kucheka kila mpira unapoangukia dimbwini. Akina mama wanachoma nyama na kutengeneza mikate langoni. Kando kuna mchezo wa vikaragosi na watoto wamejaa tele. Hakuna aliyewapangia. Shirika lilikuwa bado halijaamua lifanye nini, na watu walikuwa wamekwisha kuamua. Basi mama yule akakata shauri ya kwamba furaha ile iendelee, na kazi yake itakuwa ni kuilinda na kuiongezea.

Mimi nilisomea ualimu. Katika chuo cha ualimu hufundishwa tangu wiki za kwanza ya kwamba kabla hujaandika neno ubaoni, mtafute mtoto ajua nini tayari. Walimu wengi hulisahau hilo wakishapata fimbo na chaki. Wasanifu nao hulisahau wakipata karatasi na kalamu. Huchora watu wasiokuwapo, wembamba, wanaotembea bila mzigo kichwani, na wale waliopo huitwa wavamizi. Kwa Lina Bo Bardi ilikuwa kinyume. Waliopo ndio walikuwa mwanzo wa ramani.

Kazi yenyewe ilianza mwaka 1977. Hakukaa mbali mjini akatuma michoro. Ofisi yake ilikuwa pale pale kiwandani, na vijana wawili wasanifu, André Vainer na Marcelo Ferraz, wakichora katikati ya vumbi na mafundi. Jambo likigoma, walishuka wakazungumza na fundi, likabadilishwa. Lipu ya zamani ilikwanguliwa ili matofali na zege vionekane kama vilivyo. Katika paa walitia vigae vya kioo hapa na pale ili mwanga wa jua ushuke. Njia iliyopita katikati ya mabanda ikatandazwa mawe, ikabaki kuwa mtaa, ambamo mtu wa njiani huingia bila kuulizwa aenda wapi.

Ndani ya banda kubwa hakutia vyumba. Alichimba bwawa dogo lenye kona kona, akalipa jina la mto mkubwa wa Brazili, São Francisco. Akaweka mahali pa kuwasha moto siku za baridi. Akainua sakafu za zege za maktaba katikati ya ukumbi pasipo kuzifunga. Huko mzee husoma gazeti lake, wengine hucheza sataranji, na mtoto huchovya miguu majini. Hakuna anayewauliza tikiti. Katika banda jingine kuna karakana za ufinyanzi, ufumaji, uchapaji na picha, zilizogawanywa kwa kuta fupi za tofali za saruji, ili anayepita aone kazi inavyofanywa. Kuna mahali pa kula penye meza ndefu za kuketi watu wasiojuana.

Na ukumbi wa michezo ya kuigiza wameuweka jukwaa katikati, watu wakikaa pande mbili wakitazamana. Viti vyake ni vya mbao tupu, havina mto wala kitambaa. Wengine walilalamika. Jibu lake lilikuwa ya kwamba Wagiriki na Warumi wa kale walikaa juu ya mawe, nje, na michezo yao haikuharibika. Nasi ambao tumetazama ngoma na michezo maisha yetu yote tukiwa tumesimama au tumeketi juu ya mkeka, hatuna haja ya kusadikishwa hilo.

Sehemu hii ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1982. Bado ilibaki kazi ngumu ya viwanja vya michezo, na hapo palikuwa na mkwamo. Katikati ya ardhi iliyobaki kulikuwa na kijito, chaitwa Maji Meusi kwa lugha yao, kilichokwisha kufunikwa na kutiwa mferejini, na sheria ilikataza kujenga juu yake. Ardhi ikawa imekatwa vipande viwili, kila kimoja chembamba. Mwingine angelia. Yeye alisimamisha minara miwili ya zege, mmoja huku na mmoja ng'ambo, akaiunganisha kwa madaraja ya zege yanayopita hewani. Mnara mmoja una viwanja vilivyopangwa juu kwa juu, na wa pili una vyumba vya kuvalia, kwa hiyo mchezaji hubadili nguo upande huu kisha huvuka angani kwenda kucheza. Madirisha ni matundu yasiyo na umbo kamili, kama midomo ya mapango, hayana vioo, yana wavu wa mbao wa kusukuma. Juu ya kijito alitandaza mbao ndefu, na siku za jua watu hulala hapo wakajianika. Wanapaita ufukwe, ingawa bahari iko mbali. Na kwa kukumbuka dohani ya kiwanda akasimamisha mnara wa maji wa duara wenye urefu wa mita 70 hivi. Minara ya michezo ilikuwa tayari mwaka 1986.

Nataka mzingatie na miaka yenyewe. Jeshi lilitawala Brazili tangu 1964 hadi 1985. Kazi hii karibu yote ilifanywa wakati ambapo watu zaidi ya wachache wakikusanyika huulizwa wanakusanyikia nini. Mama yule alikwisha kuonja. Huko Salvador, katika jimbo la Bahia lenye ndugu zetu wengi waliotolewa Afrika kwa minyororo, alikuwa amechukua majengo ya kale ya Unhão, mabaki ya enzi ya sukari, akayafanya makumbusho ya sanaa ya watu wa kawaida, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1963. Ndani yake alijenga ngazi kubwa ya mbao isiyo na msumari hata mmoja. Mbao zake zilipachikwa kwa ufundi wa mafundi wa mikokoteni ya ng'ombe. Mwaka uliofuata wanajeshi wakatwaa nchi, na kazi yake huko ikakatwa. Ngazi ipo mpaka leo. Kwa hiyo aliposema baadaye ya kwamba Pompéia ni ngome, hakuwa akitafuta neno tamu.

Mwaka 2015 serikali ya Brazili iliandika majengo yale ya Pompéia kuwa urithi wa taifa. Jambo jema, lakini mimi sioni kwamba ndilo lililoyaokoa. Kilichoyaokoa ni ile asilimia 1.5. Na ili mwone nisemalo, tutoke Brazili twende Uingereza, kwa wale ambao siku zote hutuambia wao ndio wenye taratibu.

London pana jengo la duara liitwalo Roundhouse. Lilijengwa mwaka 1847 na kampuni ya reli, kuwa banda la injini za gari moshi, na katikati yake palikuwa na jukwaa la kugeuzia injini. Haikupita miaka mingi injini zikawa ndefu kuliko jukwaa lenyewe, banda likawa halifai, na kwa miaka mingi likawa bohari la pombe. Sasa, mwaka 1960, mkutano mkuu wa vyama vya wafanya kazi vya Uingereza ulipitisha azimio. Lilikuwa nambari 42 katika orodha ya siku ile, nalo lilisema vyama vya wafanya kazi navyo vihusike na sanaa na elimu ya mtu mzima, visiwaachie matajiri. Mwandishi wa michezo ya kuigiza, Arnold Wesker, mtoto wa mshona nguo wa London Mashariki, alilipigania azimio lile kwa nguvu zake zote. Akaanzisha Kituo cha 42, na mwaka 1964 wakapata Roundhouse.

Jengo walikuwa nalo, na azimio walikuwa nalo, tena la mamilioni ya wanachama. Fedha zikawa hazipo. Vyama vilipiga makofi vikarudi nyumbani. Ikafika mwaka 1967 Waziri Mkuu Harold Wilson mwenyewe aliwaandalia matajiri chai nyumbani kwake ili wachangie. Fikirini jambo hilo: azimio la wafanya kazi likaenda kuomba msaada kwenye vikombe vya chai vya matajiri! Mwaka 1970 Wesker alikifunga Kituo cha 42. Sisemi pale hapakufanyika kitu. Julai 1967 Stokely Carmichael alisimama chini ya paa lile akawaambia Wazungu maneno juu ya nguvu ya mtu mweusi ambayo hawakuyazoea, na wanamuziki wengi wakubwa walipita hapo. Lakini mwaka 1983 milango ilifungwa. Mwaka 1996 tajiri mmoja mtengeneza vitu vya watoto, Torquil Norman, alilinunua, na mwaka 2006 likafunguliwa tena, na chini yake vyumba vya vijana kujifunzia muziki na redio. Ni kazi njema, namshukuru. Lakini tangu mwaka 1983 mpaka 2006 ni miaka 23, na kijana aliyekuwa na miaka kumi na mitano mlango ulipofungwa alikuwa amekaribia arobaini ulipofunguliwa.

Hilo la fedha. Sasa lile la pili, la nani aingie, na hapo turudi katika bara letu. Cape Town, bandarini, kulikuwa na bohari la nafaka la minara ya zege lililokamilika mwaka 1924. Liliacha kazi mwaka 2001. Msanifu Mwingereza, Thomas Heatherwick, alikata zege la mirija ile kwa ustadi wa ajabu hata ukapatikana ukumbi wenye umbo la punje ya hindi, na Septemba 2017 likafunguliwa kuwa makumbusho ya sanaa ya Afrika ya siku hizi, Zeitz MOCAA. Ukumbi wenyewe ni wa kutazamwa kwa mshangao. Lakini juu ya makumbusho hayo, ghorofani, imewekwa hoteli ya kitajiri. Sanaa ya Waafrika iko chini, na kitanda ambacho Mwafrika wa kawaida hawezi kukilipia kiko juu. Mwenye kutaka kuniambia hayo ni maendeleo, nitamsikiliza, ila asinidai nishangilie.

Hapa Afrika Mashariki hatukukaa bure. Nairobi, mwaka 2003, wasanii waliingia katika ghala la zamani katika eneo la viwanda, barabara ya Dunga, wakaanzisha GoDown, na jina hilo halikuhitaji tafsiri kwa mtu yeyote wa pwani au bara. Wacheza dansi, wachoraji na wanamuziki waligawana ghala moja. Dar es Salaam, tangu mwaka 2008, kuna Nafasi, huko Mikocheni katika eneo la viwanda vidogo, ambako makontena ya mizigo ya meli yamefanywa vyumba vya wachoraji. Lakini hiyo ni miji mikubwa. Mji kama wetu, wenye reli, soko, shule tatu na kiwanda kilichokufa, haujasemewa na mtu.

Basi turudi kwetu.

Twalijua jengo letu. Lina upana usio na nguzo katikati, jambo ambalo ukumbi wa kujengwa leo ungeligharimu fedha nyingi. Paa lake la meno ya msumeno huingiza mwanga mchana kutwa bila taa. Sakafu ilibeba mashine, itabeba watu. Mpaka hapo tunayo mali. Lakini nisiwadanganye, kwa sababu wale wanaotaka kubomoa watayasema haya, na ni afadhali tuyaseme sisi kwanza.

Upande mmoja wa paa si mabati. Ni asibesto. Vijana, nawaomba, msipande juu yake, msiivunje kwa nyundo mkajisifu mmesafisha. Vumbi lake hukaa mapafuni, na ugonjwa huja baada ya miaka ishirini au zaidi, wala hauna dawa. Kuiondoa ni kazi ya mafundi waliofunzwa, huilowanisha maji kwanza na kuitoa nzima nzima. Kule nyuma kuna transfoma ya zamani. Mafuta ya transfoma za namna ile huwa na sumu, na nasikia wako waliochota kukaangia. Tuwaambie waache. Ardhi ya karibu na banda la injini imelowa oili, hapo pasilimwe mchicha. Milango ya jengo hufunguka kwa ndani, na watu mia tano wakiogopa moto mlango unaofunguka kwa ndani huwa ni kaburi. Igeuzwe ifungue nje, na ziwe njia mbili, si moja. Na mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna atakayemsikia mzungumzaji, hata mkinipa mimi kipaza sauti. Kuta tupu nazo hurudisha mwangwi. Dari ya makuti ingefaa kwa sauti ila haifai kwa moto. Hilo na litafutiwe fundi.

Naongeza vyoo. Wanaume husahau vyoo kila mahali. Ukumbi usio na choo cha wanawake ni ukumbi wa wanaume, hata ukiuita wa wananchi.

Kuhusu arusi. Wako vijana wenzangu waliotaka tupinge arusi kabisa. Siwaungi mkono. Arusi ni jambo letu, na mtoto wa mkulima naye aoe kwa heshima penye paa. Tena arusi ndiyo italipa umeme. Ninachopinga ni jengo lote, siku zote, liwe la arusi, lifungwe kwa kufuli Jumatatu hadi Ijumaa na mlinzi awafukuze watoto. Jumamosi zikodishwe, kwa bei mbili, moja ya mwenye nacho na moja ya asiye nacho, na siku sita zibaki za watu. Wale mafundi wa kuchomelea vyuma waliomo uani leo wabaki, wapewe karatasi na kodi ndogo. Mama ntilie walio langoni wabaki. Wao ndio Jumamosi yetu, mkikumbuka habari ya Pompéia. Mtu akija na ramani nzuri ambayo ndani yake mama ntilie hawamo, ujue ramani ile ni ya mji mwingine.

Wazee wameniambia wanaogopa kelele za muziki usiku na mambo ya ulevi. Woga wao una msingi. Lakini vijana wale leo wako wapi saa tatu usiku? Wako gizani nyuma ya stesheni. Mimi napendelea wawe mahali penye taa, ambapo mzee akitaka kupita kuwaangalia aweza kupita, na muziki ukome saa nne, na sheria hiyo iandikwe ukutani.

Lakini yote hayo yatakwama kama yalivyokwama London ikiwa hatukuwa na fedha za kila mwezi. Michango ya furaha hujenga msingi na kuezeka paa. Haibadilishi balbu mwaka wa tano. Pendekezo letu ni kwamba Halmashauri ya Mji itenge sehemu maalumu ya ushuru wa soko na ya maduka, ndogo lakini ya kudumu, iandikwe katika sheria ndogo za mji, na isiweze kuhamishwa kwa barua ya mtu mmoja. Wenye maduka watanuna. Waajiri wa Brazili nao nadhani walinuna, na wanalipa tangu 1946. Kisha iwepo kamati, na ndani yake wawepo watu waliofanya kazi katika kiwanda kile.

Hawa wa mwisho nataka kuwasemea kidogo, maana hawasemwi. Yule anayetaka kubomoa anayo hati, na hati ni hati, mahakama itaitazama. Lakini wako katika uwanja huu watu waliobeba robota za pamba katika jengo lile miaka ishirini, waliopoteza vidole humo, waliofukuzwa siku moja asubuhi na kukuta lango limefungwa. Sijaona karatasi yoyote mahali yenye majina yao. Halmashauri ya Mji ikituuliza sisi tuna haki gani ya kusema juu ya jengo lile, sitajibu kwa shairi. Nitaweka mezani orodha ya majina hayo, miaka waliyofanya kazi, na banda alilofanyia kila mmoja.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kazi ya wiki hii ni mbili. Alhamisi saa kumi alasiri tunakwenda kulipima jengo, urefu, upana, na nyufa zote. Tunahitaji kamba ya kupimia, daftari mbili, na mtu mwenye ngazi ndefu; upande wa asibesto hatutapanda. Wazee mliofanya kazi mle, njooni nanyi, hata asiyeweza kutembea tutamletea baiskeli, mtuonyeshe mashine ipi ilikaa wapi na mfereji wa maji ulipita wapi, maana ramani ya zamani haijapatikana. Na kuanzia kesho asubuhi nitakuwa barazani pa tawi na daftari, naandika majina. Waliokwisha kufariki, watoto wao waje.